Kumkaba Baba Mkwe

Wadogo zangu mliobaki kambini, hasa nyinyi mnaovaa namba nne na namba tano, leo ni wiki ya tatu tangu nitundike daluga. Naamka asubuhi, nanyoosha goti la kulia, linalalamika kama kawaida yake, halafu nakumbuka kwamba hakuna mtu anayelihitaji leo. Sijui niwaelezeje raha ya jambo hilo. Kwa miaka yote niliyocheza, kila siku ya mechi tumbo lilianza kuniuma alfajiri, na watu waliniita mtulivu kwa sababu tu sikuwa na nguvu ya kuongea. Sasa Jumamosi ni Jumamosi tu, nakunywa uji wangu na kuumaliza.

Katibu wa timu ameniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijayasahau. Vikombe mtavikuta kabatini ofisini kwake, na habari za nani alilipwa nini kaulizeni kwa wanaopenda kuzisema. Mimi nitaandika juu ya kukaba, maana ndiyo kazi niliyoifanya, na juu ya mechi moja ambayo nusura inikoseshe kazi na mke kwa mkupuo mmoja.

Nilitoka Migato, ambako sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kulima na kuchunga ng'ombe wa baba. Kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika pale Bariadi kilikuwa na timu, na wakati ule hakuna aliyejiita mchezaji wa kulipwa. Uliandikwa kazi kiwandani, ukapangiwa mashine, na ikifika saa tisa alasiri ukaruhusiwa kwenda uwanjani. Mimi niliandikwa msaidizi wa marobota. Hadi leo sijui msaidizi wa marobota hufanya nini, kwa sababu kila nilipoanza kumsaidia mtu, muda wa mazoezi ulifika.

Nahodha wetu alikuwa Shigela, beki wa kati, mtu mrefu aliyesimamia mashine ya kushindilia marobota. Mikono yake ilijaa makovu ya waya za kufungia pamba. Siku yangu ya kwanza alinipanga nimkabe mshambuliaji wetu, nami nikamkaba kwa bidii zangu zote. Kabla ya robo saa kwisha yule bwana alikuwa amekaa chini mara tatu, na mara ya tatu hakutaka kuinuka. Shigela akanifuata.

"Luhende, wewe unamkaba au unamkomoa?"

"Namkaba, kaka."

"Kumkaba mtu ni kumnyima njia. Wewe unamnyima miguu."

Nilikasirika. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na niliona ananionea wivu. Ilinichukua msimu mzima wa kadi za njano kuelewa alichokuwa anasema, na hata hapo nilikielewa kichwani tu, miguu ilikuwa bado haijasikia.

Niseme kidogo kuhusu vifaa, maana nyinyi mna bahati na hamjui. Vikinga ugoko hatukuwa navyo. Tulijaza pamba kwenye soksi, pamba safi iliyokwisha kuchambuliwa, na sidhani kama kuna mabeki wengine nchi hii waliolindwa na zao la biashara kama sisi. Ubaya wake ni mvua. Pamba ikinywa maji kila mguu unakuwa mzito kama ndoo, na mshambuliaji mwepesi anakupita huku ukijivuta. Njumu zilitoka stoo, tukasaini, na baada ya mechi tukazirudisha zikiwa na jasho letu, zikamsubiri mwenzetu wa wiki ijayo. Milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika mnadani Lamadi, nilinunua jozi yangu ya kwanza mwenyewe. Kiatu cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko cha kulia. Nikaziba nafasi kwa pamba, nikacheza nacho misimu minne.

Jambo la pili alilonifundisha Shigela ni kutazama nyonga. Mshambuliaji anadanganya kwa miguu, anadanganya kwa mabega, anadanganya hata kwa macho, lakini nyonga huenda anakokwenda mwenyewe. Shikeni hilo, hata mengine mkiyaacha.

Kabula nilimfahamu kwa sababu ya jezi. Tulikwenda kucheza Maswa, jezi yangu ikachanika begani, nikaelekezwa Nyalikungu kwa binti aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka. Aliigeuza jezi, akaitazama, akanitazama na mimi.

"Hii haikuchanika, imevutwa. Nani kakuvuta?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namvuta. Akageuka."

Alicheka huku akitunga uzi, nami nikajua nitarudi pale. Nilichana jezi mbili zaidi mwaka ule, moja kwa mkono wangu mwenyewe. Hatimaye mjomba wangu wa Migato akawa mshenga, tukaenda nyumbani kwao kuzungumza.

Wale mliotoka mbali mnielewe hapa, maana yote yaliyofuata yanategemea hili. Kwetu baba wa mchumba wako, pamoja na ndugu zake wote wa kiume, ni baba wakwe. Humgusi baba mkwe. Humtazami usoni. Mkikutana njiani unatoka pembeni, unainamisha macho, unamwamkia na kujibu maswali yake yote, hadi apite. Naye kwa upande wake anatakiwa akuheshimu vivyo hivyo, asikufuatefuate wala kutokeza kwako bila kutuma taarifa. Siku ile ya maongezi nilikaa mchana kutwa nikitazama sakafu. Niliambiwa wamekaa mbele yangu Mzee Machibya, babaye Kabula, na wadogo zake wawili. Mimi niliona jozi tatu za makatambuga. Sauti ya mwisho, ya kijana kuliko nyingine, iliniuliza, "Mpira ukiisha utalima?" Nikasema nitalima. Wakakubali, na ikapangwa kwamba ng'ombe wa mahari wataswagwa kwenda Nyalikungu baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno hayo ndipo mambo ya pamba yakabadilika. Soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walifika vijijini na mizani yao na malori yao, wakulima wakawauzia waliotangulia kufika, na malori yaliyokuja kwetu yakapungua hadi nikaanza kuzoea ukimya wa mashine. Mwisho tukaitwa tukaambiwa kiwanda kitakodishwa kwa kampuni binafsi ya kutoka Mwanza, na timu ndani yake. Mwenye kampuni, ambaye sote tulimwita Tajiri, angekuja kutazama mechi moja tu, dhidi ya Maswa, uwanjani kwetu. Atakaowachagua watabaki kiwandani na kwenye timu. Wengine wakalime. Nilikuwa nimeiahidi sauti ile kwamba nitalima mpira ukiisha, lakini sikuwa nimekusudia mwezi ule.

Tulisikia Maswa wamepata mshambuliaji mpya, Nkwabi, aliyekuwa akicheza Shinyanga hadi wiki ile. Jina halikunishtua, kwetu akina Nkwabi ni wengi. Niliambiwa nitamkaba mimi. Dakika za mwanzo hakupata mpira. Kisha akapata, akanijia moja kwa moja, na alipobakiza hatua mbili akaniamkia Kisukuma kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwadila, mkwe."

Ilikuwa ile sauti iliyoniuliza kama nitalima. Mdogo wa mwisho wa Mzee Machibya, aliyezaliwa na mke mdogo wa babu yake Kabula, rika langu mimi. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake, na hata pale sikuutazama. Mwili wangu ulifanya yale mama aliyonifundisha tangu utotoni. Nikatoka pembeni, nikainamisha macho, nikasema, "Mwadila, baba."

Akapita, akafunga.

Shigela alinijia taratibu, na hilo lilinitisha kuliko angekuja akikimbia.

"Luhende. Umempisha?"

Nilitumaini halitatokea tena, lakini Nkwabi hakuwa mjinga. Alikuwa amegundua njia ya kupita ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuichora ubaoni. Mara ya pili alipoupata mpira aliniuliza, "Nyumbani mhola?" Nikajibu mhola, yaani kwema. Akauliza, "Na ng'ombe?" Nikajibu wazima, nikiwa nimesimama mbali naye kama mtu anayepisha msafara. Tukafungwa la pili. Chini ya kivuli chembamba cha ukuta nilimwona Tajiri kwenye kiti chake, akimuuliza jambo jirani yake na kuninyooshea kidole.

Wakati wa mapumziko mwalimu alitaka kunitoa. Sikumlaumu. Shigela akamwomba dakika moja, akanivuta kando, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kwamba nikimgusa yule mtu nimemkosa Kabula, na nisipomgusa nimekosa kazi, na mtu asiye na kazi pengine atamkosa Kabula vilevile. Kipa wetu alisikia akaanza kucheka. Shigela hakucheka.

"Kule Migato, ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mtama wenu mnafanyaje?"

"Tunamtoa."

"Mnampiga?"

"Hapana, ng'ombe wa watu hapigwi. Unasimama pale anapotaka kupita."

"Basi kasimame. Kumgusa hujakatazwa na mimi, umekatazwa na kwenu, sawa. Nani kakuambia umguse? Na macho chini unaruhusiwa. Mpira uko chini."

Nimefundishwa na makocha wengi tangu hapo, wengine wamesoma hadi Ulaya. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo lililonisaidia kuliko hilo.

Kipindi cha pili niliinamisha macho kwa heshima zote, nikatazama mpira na nyonga. Kila Nkwabi alipokuja nilikuwa nimekwisha kusimama anapotaka kupita, hatua mbili mbele yake, bila kunyoosha hata kidole. Aliponiamkia nilimwitikia. Aliuliza habari za mama, nikamwambia mzima. Aliuliza mvua, nikamwambia zimechelewa. Alipoinua mguu kukata kulia nilikuwa huko, alipogeuka kushoto nilikuwa huko, hadi maswali yakaanza kumwishia. Mara nne aliupoteza mpira mbele yangu nami sijaugusa mwili wake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mpira nilikuwa nakaba, na nilifurahi hadi nikasahau kuogopa. Wenzangu wakarudisha goli moja, halafu la pili.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira mrefu ukatuvuka wote. Nkwabi akautangulia. Mbele yake alibaki kipa tu, mimi nikiwa ubavuni kwake, nyuma kidogo, na safari hii hakuniamkia. Sikuwa na nafasi ya kusimama popote. Naweza kuwaambia kwamba niliwaza, lakini sikuwaza. Niliteleza, nikaupiga mpira ukatoka, na baada ya mpira nikamzoa yeye. Tulianguka pamoja, kifua changu juu ya kifua chake, na hapo ndipo nilipomwona usoni baba mkwe wangu mdogo kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi. Refa akaonyesha kona, hakuona kosa. Lakini kwa mashabiki wa Nyalikungu nilisikia sauti ya mama mmoja ikisema, polepole, "Kamlalia mkwewe."

Mechi iliisha mbili kwa mbili. Tajiri alinichagua, akasema anapenda beki asiyevamia watu. Shigela hakumchagua kwa sababu ya umri. Lilituuma sote, naye akalichukua kwa utulivu kuliko sisi. Msimu uliofuata alinunua pamba kwa niaba ya kampuni nyingine, akatupita vijijini na lori lake akitupungia mkono.

Siku ya tatu baada ya mechi mjomba alifika kwa baiskeli. Ng'ombe wasiswagwe, alisema, na mimi naitwa Nyalikungu. Sikuweza kula. Nilikuwa nimepata kazi niliyoitaka na sikuona maana yake. Niliogopa zaidi nilipomfikiria Kabula, jinsi alivyoaibika mbele ya ndugu zake kwa ajili yangu, na kwamba huenda yeye mwenyewe ameshasema hanitaki.

Tukakaa tena, mimi na sakafu yangu. Nkwabi alieleza shauri lake: amelaliwa kifuani na mkwe, mchana, mbele ya watu. Hakuongeza chumvi, na hakukuwa na haja. Kisha Mzee Machibya akamgeukia mdogo wake.

"Hili lilitokea wapi?"

"Uwanjani, Bariadi."

"Uwanja wa nani?"

"Wa kwao."

"Wewe ulikuwa unaelekea wapi?"

"Golini, kaka."

"Goli la nani?"

"La kwao."

"Nani amewekwa kulilinda?"

"Huyu hapa."

"Kwa hiyo ulitoka Maswa, ukaenda kwa mkweo bila kutuma taarifa, ukataka kuingia mlangoni kwake. Mara ngapi?"

Nkwabi alisita. "Kaka, ule ni mpira."

"Kama ni mpira, hukuguswa na mkwe, uliguswa na beki, na refa wenu hakuona kosa. Kama ni ukwe, wewe ndiye uliyeuvunja kwanza, na uliuvunja ukiwa unasalimia. Chagua kimoja."

Sikuthubutu kuinua macho, lakini niliona yale makatambuga yakisogea, yakarudi, yakasogea tena.

"Ni mpira," akasema Nkwabi.

"Basi ng'ombe waje," akasema Mzee Machibya.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya zizi nikalia. Mjomba alikuja akasimama karibu yangu akijifanya anakagua boma, na hakuniuliza kitu. Nadhani sijawahi kupumua vizuri kama nilivyopumua pale, kwenye harufu ya mavi ya ng'ombe wa watu.

Yaliyofuata mnayajua nusu, maana baadhi yenu mlitukuta. Tajiri alimchukua Nkwabi msimu wa pili, tukawa timu moja. Kwenye basi yeye alikaa mbele na mimi nyuma, na kambini tulikula sahani mbali. Tulipofunga goli wenzetu walirukiana, yeye akanikimbilia, akasimama hatua mbili kutoka kwangu, akatikisa kichwa, nami nikatikisa changu. Wageni walidhani tumegombana. Mazoezini nilimkaba kila siku kwa miaka saba bila kumgusa, na kama mlikuwa mnajiuliza nilijifunzia wapi kucheza msimu mzima bila kadi, ni hapo. Kampuni ilibadilika majina, ikauzwa, ikanunuliwa, jezi zikabadilika rangi kila mara, na Kabula akazishona zote.

Siku ya mechi yangu ya kuaga nilipewa kipaza sauti. Nikamshukuru Shigela, aliyekuwa amekaa jukwaani na kofia yake ya pama. Nikamshukuru marehemu Mzee Machibya, nikasema alikuwa mtu wa hekima, aliyenipa mke siku ambayo kila mtu aliona sistahili. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimebeba mfuko wa njumu, nikamkuta Kabula kwenye cherehani, nikamrudia maneno yale yote kwa sababu niliona yalikuwa mazuri. Akasimamisha mguu kwenye kanyagio.

"Luhende, baba hakuwahi kuuona mpira hata siku moja. Wewe ulidhani alijua goli ni nini?"

Nikamwambia kwamba aliuliza maswali yale mwenyewe, nilisikia kwa masikio yangu.

"Aliuliza. Asubuhi ile nilimpelekea maji ya kunawa, nikachukua kijiti nikamchorea chini. Nikamwambia hapa ndipo mlango, hapa anasimama Luhende, na hapa baba mdogo anakuja, anakuja tena, na tena. Nikampa maswali moja moja. Ilibidi niyarudie mara mbili, lile la goli la nani lilimpa taabu."

Nilikaa juu ya mfuko wa njumu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu nikiamini nilipewa kwa hukumu ya baba yake, na kwamba kama yule mzee angeamka vibaya siku ile, Kabula angekubali na maisha yangeendelea. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Nililibeba kila nilipogombana naye, na kila alipokaa kimya sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeringa. Beki akiringa anapitwa."

"Na kama baba angekataa?"

Akarudisha kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha kwa viganja viwili.

"Ningekuja Migato," akasema, "nikawaswage hao ng'ombe mwenyewe."